Swali Moja, Njia Mbili: Mdahalo wa Lovanium wa Mwaka 1960 na Lengo la Elimu



Katika mikutano yetu swali moja hurudi kila mwaka, hasa majira ya mitihani ya Serikali yanapokaribia: elimu ni ya nini? Wazazi huuza mbuzi, na wengine huuza hata shamba, ili mtoto asome. Mtoto humaliza, hupata diploma, na kazi haipatikani. Hapo wengine husema kwamba kusoma ni kupoteza wakati. Wengine hujibu kwamba elimu ni ngazi ya kupandia kwenye cheo, na kwamba aliyekwisha kufika juu hana budi kunyamaza asije akaanguka. Majibu hayo mawili yaonekana kupingana, lakini kwa kweli ni jibu moja, kwa maana yote mawili hupima elimu kwa mshahara tu.

Sisi tunapenda kulitafuta jibu katika historia ya nchi yetu na ya Kanisa letu. Tumechagua tukio moja ambalo vijana wengi hawakusimuliwa, ingawa matunda yake wanayashiriki kila Dominika kanisani. Tukio hilo ni mdahalo uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, tarehe 29 Januari 1960, kati ya mwanafunzi Mkongo na mwalimu wake Mbelgiji. Waliulizana kama Mwafrika anaweza kuifikiri imani ya Kikristo kwa akili yake mwenyewe. Swali hilo lilikuwa la teolojia, lakini ndani yake mlikuwa na siasa, na mlikuwa na swali la elimu pia.

Chuo kikuu juu ya kilima

Ili tuelewe uzito wa siku ile, turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi ya ukoloni wa Kibelgiji, Mkongo aliyetaka masomo ya juu hakuwa na mlango mwingine ila seminari. Ndiyo njia aliyopita Stefano Kaoze, mtu wa pande za Tanganyika, aliyepewa upadre Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi. Hata kabla ya kupewa daraja hilo, Kaoze alikuwa amekwisha kuandika kwa Kifaransa juu ya fikra na tabia za watu wake. Basi tangu mwanzo seminari ilitoa watu wa sala, na ilitoa pia watu wa kalamu.

Nje ya seminari, mambo yalikuwa magumu. Shule za msingi zilikuwa nyingi, na sehemu kubwa ya hizo ziliendeshwa na misioni. Lakini juu ya shule za msingi ngazi zilipungua haraka. Watawala wengi waliamini kwamba pasipo wasomi hapatakuwa na matata. Walihitaji karani, fundi, muuguzi na mwalimu wa darasa la kwanza. Hawakuhitaji mwanasheria wala mhandisi Mkongo.

Mwaka 1954 mlango ulifunguliwa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji, kilizaa chuo kikuu juu ya kilima cha Mont-Amba, nje ya mji wa Léopoldville, na kukipa jina la Lovanium, ambalo ni jina la Kilatini la mji wa Leuven. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padri na mtaalamu wa fizikia, aliyekiongoza hadi mwaka 1967. Gillon alitaka kwa nguvu zote kwamba shahada ya Lovanium iwe na thamani sawa na ile ya Leuven. Alitaka maabara kamili na maktaba kamili; hata mwaka 1959 chuo kilipata mtambo wa nyuklia wa utafiti, wa kwanza katika Afrika. Muda mfupi baada ya Lovanium, serikali ya kikoloni nayo ilifungua chuo kikuu chake Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, kisichokuwa cha kidini. Ubelgiji wakati ule ilikuwa imegawanyika juu ya suala la shule, Wakatoliki upande mmoja na Waliberali pamoja na Wasoshalisti upande mwingine, na ugomvi huo ulivuka bahari ukafika kwetu.

Kwa hiyo chuo kilikuja, lakini kilikuja kwa kuchelewa. Nchi ilipopata uhuru, walei Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufikia 30. Katika nchi kubwa namna hii, idadi hiyo peke yake yaeleza mengi juu ya matata yaliyofuata.

Siku ya 29 Januari 1960

Mwezi Januari 1960 macho ya Wakongo wote yalikuwa Bruxelles. Tarehe 20 wajumbe wa vyama vya siasa waliketi na serikali ya Ubelgiji katika mkutano wa Meza ya Duara. Tarehe 27 ilitangazwa kwamba Kongo itakuwa huru tarehe 30 Juni mwaka ule ule. Siku mbili baadaye, juu ya kilima cha Mont-Amba, Kitivo cha Teolojia, kilichokuwa na umri wa miaka michache tu, kilifanya mdahalo.

Upande mmoja alisimama Tharcisse Tshibangu, padri kijana mwenye umri wa miaka 26, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga, aliyekuwa bado mwanafunzi wa kitivo hicho. Upande wa pili alisimama padri Alfred Vanneste, mkuu wa kitivo chenyewe. Tuitazame picha hiyo vizuri. Katika nchi ambayo Mkongo alikuwa hajazoea kumpinga Mzungu hadharani bila kuadhibiwa, mwanafunzi alitoa hoja, mwalimu akajibu, nao wasikilizaji wakaachwa wapime. Kisha maneno yao yote mawili yalichapishwa mwaka ule ule katika jarida la mapadre lililotolewa Mayidi, katika Kongo ya Chini, ili hata padri wa parokia ya mbali apate kuyasoma.

Tshibangu aliuliza kama inawezekana kuwa na teolojia yenye rangi ya Kiafrika. Hakusema kwamba Waafrika wana Mungu mwingine, wala kwamba ufunuo wahitaji kubadilishwa. Imani ni moja, alieleza. Bali teolojia ni kazi ya akili ya mwanadamu inayotafakari imani hiyo, na akili ya mwanadamu haifanyi kazi hewani. Hufanya kazi ndani ya lugha, ndani ya namna ya kuuona uhai, jamaa, alama na mafumbo. Kanisa tangu zamani lina teolojia ya Mashariki na teolojia ya Magharibi, na hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo imani imegawanyika. Basi kwa nini Afrika isiwe na yake?

Vanneste alijibu kwamba kwanza inatakiwa teolojia ya kweli. Kwake yeye, teolojia ni elimu yenye masharti, na ukweli wake lazima uwe wa watu wote. Aliona hatari ya Afrika kujifungia katika mawazo yake ya kale wakati ulimwengu mzima unakaribiana. Alitaka Mwafrika aingie katika uwanja wa wataalamu wa dunia na kushindana nao kwa silaha zile zile, pasipo kuwekewa uwanja mdogo wa pembeni.

Ni rahisi leo kumcheka Vanneste na kumwita mkoloni. Sisi hatufanyi hivyo. Ndani ya jibu lake mlikuwa na kitu chenye uzito, nacho ni hofu kwamba neno "Kiafrika" lingeweza kuwa kisingizio cha kazi hafifu, na kwamba msomi Mwafrika angepewa cheti cha daraja la pili huku akipigiwa makofi. Vijana wanaosoma katika vyuo visivyo na maktaba wanaijua hatari hiyo. Lakini jibu lake lilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: alihesabu kile kilichozaliwa Ulaya kuwa ni cha watu wote, na kile kilichozaliwa Afrika kuwa ni cha Waafrika tu. Hapo ndipo mwanafunzi alipoona mbali kuliko mwalimu.

Wala tusidhani kwamba Tshibangu alianza kutoka patupu. Mwaka 1945 padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi Katanga, alikuwa amechapisha Élisabethville kitabu juu ya falsafa ya Kibantu, na kwa ajili yake alipata upinzani mkali hata ndani ya Kanisa. Katika miaka ya 1950, huko Ruwe karibu na Kolwezi, Tempels huyo huyo alikusanyika na wafanyakazi wa migodi na wake zao, wakazungumza juu ya uhai, uzazi na upendo kwa Kiswahili. Ndipo ilipozaliwa Jamaa, ambayo baadhi ya wazee wetu walikuwa washiriki wake. Mwaka 1956 mapadre weusi walichapisha kitabu Paris wakijiuliza juu ya nafasi yao katika Kanisa, na kati yao alikuwamo Vincent Mulago, mwana wa Bushi, Kivu. Maswali yale yalikuwa yakichemka kwenye misioni, migodini na katika seminari. Chuo kikuu kiliyapa mahali pa kusemwa kwa utaratibu na pa kujibiwa.

Matunda ya swali lililojadiliwa

Mdahalo ule haukumalizika kwa kura. Hakuna aliyefukuzwa chuoni, na hakuna aliyelazimishwa kutubu. Tshibangu alikwenda Leuven, akapata udaktari wa teolojia, na mwaka 1965 akachapisha kitabu kikubwa juu ya namna mbili za kufanya teolojia. Yaani alifanya kile alichodai Vanneste: aliingia katika uwanja wa wataalamu wa dunia, akashindana nao kwa silaha zile zile, pasipo kuliacha swali lake. Alikuwa mmoja wa wataalamu katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mulago naye alikuja kufundisha Lovanium, akaanzisha kituo cha uchunguzi wa dini za Kiafrika, ili watu waache kusema juu ya mababu kwa kukisia na waanze kusema kwa ujuzi. Mwaka 1968, katika Juma la Teolojia la Kinshasa, Tshibangu na Vanneste walisimama tena na kuzungumza juu ya suala lile lile. Miaka minane ilikuwa imepita. Walikuwa bado hawakubaliani, na bado walikuwa wakizungumza.

Tarehe 31 Julai 1969 Papa Paulo VI alikuwa Kampala, Uganda, Papa wa kwanza wa nyakati hizi kukanyaga ardhi ya Afrika. Mbele ya maaskofu wa bara letu alitamka wazi kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Lile lililoonekana jambo la ajabu katika kinywa cha mwanafunzi mwaka 1960 lilikuwa sasa limetoka katika kinywa cha Khalifa wa Petro.

Kisha maaskofu wetu, Kardinali Joseph Malula akiwa mbele, walilipeleka swali hadi altareni. Baada ya miaka mingi ya kutafiti, kujaribu na kusahihisha, mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire. Ninyi mnaoimba na kucheza mbele ya altare katika Misa ya namna hiyo, kumbukeni mambo mawili. Mwanzoni mwa adhimisho tunawaita watakatifu, na pamoja nao wahenga wetu wenye moyo mnyofu. Na ibada ya toba haiji mwanzoni, bali huja baada ya Neno la Mungu, mahubiri na Nasadiki, ikifuatwa na kupeana amani. Kwa maana kwetu mtu husikiliza kwanza shauri, hutambua kosa lake, hupatanishwa na wenzake, ndipo huketi mezani pamoja nao. Mpango huo haukuletwa na ngoma peke yake. Uliletwa na watu waliosoma, waliouliza na waliojibu kwa hoja kwa muda wa miaka karibu 30.

Swali linapogeuzwa amri

Sasa tuiangalie njia ya pili, maana swali lile lile lilishikwa na mikono mingine.

Wanafunzi wa Lovanium hawakuishia kwenye teolojia. Mwaka 1961 walishiriki kuunda umoja wa wanafunzi wa Kongo nzima, uliojulikana kwa kifupi kama UGEC. Mwaka 1964 waligoma, wakidai kuwa na sauti katika uongozi wa chuo na kutaka chuo kiwe kweli cha Kongo. Kwao elimu ilikuwa dhamana waliyopewa kwa ajili ya taifa. Jenerali Mobutu alipotwaa madaraka mwaka 1965, wengi wao kwanza walimwunga mkono kwa tumaini kubwa. Lakini utawala uliotaka chama kimoja haukuweza kuvumilia chuo chenye sauti nyingi. Mwaka 1968 UGEC ilipigwa marufuku.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliingia barabarani Kinshasa, wakidai nyongeza ya basi, yaani fedha za masomo, na haki ya kushiriki katika maamuzi. Askari wakawapiga risasi. Serikali ilitaja idadi ndogo ya waliokufa. Wanafunzi wenyewe walisema ni wengi zaidi sana. Familia nyingi hazikupewa hata nafasi ya kuomboleza. Tulinganishe tarehe hizo mbili: hazikupita siku 60 kati ya risasi za Kinshasa na maneno ya Paulo VI kule Kampala.

Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi walitaka kuwakumbuka wenzao waliouawa. Chuo kilifungwa, na wanafunzi wa Lovanium wakaandikishwa jeshini kwa nguvu. Mwezi Agosti mwaka ule Lovanium kama chuo cha Kanisa ilikwisha: pamoja na chuo cha Lubumbashi na kile cha Waprotestanti cha Kisangani, iliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa, chini ya Serikali. Hata Kitivo cha Teolojia kiliondolewa humo baada ya miaka michache, nao maaskofu wakakihifadhi. Mwaka 1987 kikawa Vitivo vya Kikatoliki vya Kinshasa, na tangu mwaka 2009 chaitwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Kongo.

Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire, na neno kuu likawa "uhalisi", yaani kurudi kwenye asili ya Kiafrika. Wapendwa, sikilizeni vizuri: maneno yalifanana na yale ya Tshibangu ya mwaka 1960. Rangi ya Kiafrika, mababu, heshima ya utamaduni wetu. Lakini mwaka 1960 lilikuwa swali lililoomba jibu, na sasa lilikuwa amri iliyoomba makofi. Majina ya ubatizo yalikatazwa. Serikali ilitaka chama kianzishe tawi la vijana wake hata ndani ya seminari. Kardinali Malula, ambaye alikuwa amefanya kazi kwa ajili ya Kanisa la Kiafrika kuliko wengi waliokuwa wakipiga kelele, alikataa. Mwanzoni mwa mwaka 1972 alilazimika kwenda Roma kwa miezi kadhaa, na makao yake yakachukuliwa na chama. Mwishoni mwa mwaka ule vyama vya vijana vya kidini vilipigwa marufuku. Mwaka 1974 sikukuu ya Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko, na shule za misioni zikatwaliwa. Somo la dini likatoka, mafundisho ya siasa ya chama yakaingia.

Matokeo yanajulikana. Haikupita miaka mitatu, Serikali yenyewe ikaona kwamba shule zimeharibika mikononi mwake, na Februari 1977 ikatia sahihi mapatano ya kuzirudisha chini ya usimamizi wa madhehebu. Na vijana waliokatazwa kukusanyika kwa jina la vyama vyao walipata namna nyingine za kukusanyika parokiani. Ndipo zilipokua njia mpya za malezi kama Bilenge ya Mwinda, vijana wa mwanga. Kikundi chenu cha parokia, chenye nyimbo zake na viongozi wake, kimesimama juu ya msingi ambao wengine waliulinda wakati ulipokuwa hatari kuulinda.

Mtu mmoja kati ya njia hizo mbili

Historia ingekuwa nyepesi kama tungeweza kuwapanga watu wote, wema kulia na wabaya kushoto. Lakini Tharcisse Tshibangu mwenyewe hatuachi tufanye hivyo. Mwaka 1967 alimrithi Gillon kama mkuu wa Lovanium. Alikuwa katika kiti hicho damu ilipomwagika mwaka 1969, na alikuwa hapo wanafunzi walipopelekwa jeshini. Chuo kilipotaifishwa alikubali kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa, akabaki hadi mwaka 1981, hali akiwa pia askofu msaidizi wa Kinshasa. Baadaye alikuwa askofu wa Mbujimayi, tangu 1991 hadi 2009, na mwaka 2021 akafariki dunia.

Je, alikosea kubaki? Wako waliosema kwamba mtu wa Kanisa hakupaswa kuongoza chuo kilichonyang'anywa Kanisa. Wako waliosema kwamba kama angeondoka, kiti kingekaliwa na mtumishi wa chama asiyejua kitabu, na elimu ingeanguka mapema zaidi. Sisi hatuketi kitini pa hakimu. Twaona jambo moja tu: alipokuwa mwanafunzi asiye na cheo alikuwa na uhuru wa kuuliza ambao mkuu wa chuo, chini ya utawala ule, hakuwa nao. Cheo kiliongezeka, nafasi ya kusema ikapungua. Yeyote kati yenu anayedhani kwamba atasema ukweli siku atakapokuwa mkubwa, na atafakari jambo hilo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tunajifunza kwamba elimu humwezesha mtu kusimama hadharani na kutoa sababu. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anawataka waamini wawe tayari sikuzote kumjibu anayewauliza sababu ya tumaini lao, tena kwa upole na heshima. Tshibangu na Vanneste walifanya hivyo. Mwanafunzi hakumtukana mwalimu, mwalimu hakumnyamazisha mwanafunzi. Diploma isiyomfundisha mtu kutoa sababu na kusikiliza sababu za mwingine ni karatasi yenye muhuri tu.

Pili, tunajifunza kupambanua swali na kaulimbiu. Siku hizi pia wako wanaozungumza nasi juu ya Uafrika, juu ya kabila, juu ya heshima ya taifa. Mara nyingine wana haki. Kipimo ni hiki: je, anayesema anakubali kuulizwa? Anayekasirika akiulizwa anataka mtumwa, hata kama maneno yake ni mazuri namna gani. Swali la mwaka 1960, lilipojadiliwa, lilizaa vitabu, liturujia na vizazi vya wataalamu. Mmoja wao ni padri Bénézet Bujo wa Ituri, aliyefundisha Kinshasa na kisha Fribourg, Uswisi, juu ya mababu na Kristo. Swali lile lile, lilipoamriwa, lilizaa woga, shule zilizoharibika na vyuo visivyo na sauti.

Tatu, tunajifunza kwamba imani na siasa hukutana mahali ambapo utu wa mwanadamu uko hatarini. Tarehe 16 Februari 1992 walei wa Kinshasa, Wakatoliki pamoja na Wakristo wengine, waliingia barabarani wakiwa na matawi, misalaba na rozari, wakidai Kongamano Kuu la Taifa, lililokuwa likiongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo, lifunguliwe tena. Hawakubeba silaha. Wengi waliuawa na askari siku ile. Wito wa kuandamana ulitolewa na walei wenyewe. Tukumbuke kwamba Monsengwo mwenyewe, kabla ya kuwa askofu, alikuwa mwalimu wa Maandiko Matakatifu katika Kitivo kile kile cha Teolojia. Chuo kilichofungiwa mdomo kiliendelea kusema kupitia watu waliolelewa nacho.

Hatuhitaji kusubiri chuo kikuu ili tuanze. Ukumbi wa parokia wenye mabenchi machache watosha. Kuweni na mdahalo angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, juu ya jambo linalowagusa kweli: migodi na mazingira yetu, mahari, uchaguzi, vita vya Mashariki, kazi na uhamaji. Mchague wawili wasiokubaliana, mwape muda sawa, mwandike hoja zao, na mwisho wa yote msali pamoja. Na kila anayezungumza awe amesoma kitu kabla ya kufungua kinywa; huo ndio upande wa Vanneste, nasi hatutaki kuupoteza. Na kila mmoja aruhusiwe kusema kwa lugha yake na kwa maisha yake; huo ndio upande wa Tshibangu, nao hatutaki kuupoteza pia.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika shule au chuo chetu, ni swali gani ambalo tunaogopa kumwuliza mwalimu? Tunaogopa nini hasa?

2. Vanneste alihofia kazi hafifu inayojificha nyuma ya neno "Kiafrika". Je, tunaona hatari hiyo leo katika masomo, katika nyimbo zetu, katika mahubiri? Ni wapi ambapo, kinyume chake, tunadharau kilicho chetu?

3. Kama tungekuwa mahali pa Tshibangu mwezi Agosti 1971, tungebaki au tungeondoka? Kila upande utoe sababu zake tatu.

4. Ni nani katika parokia yetu anayekumbuka miaka ambayo vikundi vya vijana vilikatazwa? Tumwalike atusimulie, wakati angali hai.